Shajara ya mradi: Banshee 350 kwa petroli ya pampu za Oman

Mashine ni Yamaha Banshee, YFZ350. Kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ya tu-stroki, yaani injini inayochoma kila mzunguko mmoja, silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, inapozwa kwa maji, gia sita, kuwasha ni kwa kiki tu. Yamaha waliitoa mwaka 1987, na soko la Marekani liliishia kwenye modeli ya 2006. Injini yake imetokana na ukoo wa pikipiki za barabarani za RD350LC na RZ350: kipenyo cha silinda milimita 64, mwendo wa pistoni milimita 54, jumla cc 347. Huku Ghuba bado inapendwa sana mchangani, na anayeijua hahitaji kuelezwa kwa nini. Ikishafika katikati ya mizunguko na mabomba ya eksozi yakaanza kuitika, hakuna injini ya foo-stroki (inayochoma kila mizunguko miwili) ya ukubwa ule inayokupa hisia ile.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kila nilichosoma kuhusu mashine hii kiliandikwa na Wamarekani, kwa petroli yao, miinuko yao na namba zao. Sisi tulioko Maskati, na jamaa walioko Dubai na Abu Dhabi, tunajaza petroli nyingine kabisa, kisha tunaagiza vipuri kwa kufuata majedwali yao. Mradi huu nimeuanza kwa kinyume: kwanza nimekaa na petroli ninayoweza kuinunua wakati wowote, ndipo nikachagua kila kipuri kuifuata.

APRILI

Msimu wa mchanga umekwisha, joto limeingia, injini imefunguliwa. Niliinunua kutoka kwa mtu aliyesema "imekufa upande mmoja tu". Alikuwa mkweli. Geji ya mbano, yaani jinsi silinda inavyobana, ilionyesha psi (pauni kwa inchi ya mraba) 170 kulia, na kushoto sindano haikufika hata 60.

Ami yangu alikuja kushika taa. Ami alifundishwa ufundi Unguja, kwenye Vespa, na sikio lake kwa tu-stroki ni la kuaminika. Nilipovua kichwa cha silinda hakusema kitu, alichukua pistoni ya kushoto akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Mwanangu, hii haikufa siku moja," akasema. "Tazama ukingo huu."

Ukingo wa upande wa eksozi ulikuwa umeliwa, umejaa vidoto vidogo mithili ya aluminiamu iliyopigwa mchanga kwa mashine. Hiyo ndiyo alama ya injini kugonga: mchanganyiko wa petroli na hewa uliobaki pembeni unalipuka wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia, na kila mlipuko unachimba pistoni. Juu ya hapo pistoni ilikuwa imeyeyuka hadi ringi ikashikana na mfereji wake. Pistoni ya kulia ilikuwa na vidoto vile vile, vichache, lakini haikuyeyuka.

Kwa hiyo maswali mawili. Kwa nini zote mbili zimegonga? Na kwa nini ya kushoto peke yake ndiyo iliyoyeyuka?

La kwanza lilijibiwa mezani. Kichwa si cha kiwandani, ni kile cha Pro Design cha kubadilisha kuba (vyumba vya kuchomea vilivyo juu ya pistoni), kinachofungwa kwa o-ringi badala ya gasketi. Chini ya kila kuba kumechorwa 18, yaani cc 18. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo nafasi ya kuchomea inavyokuwa ndogo na mbano unavyopanda. Kuba za 18 ni za mafuta ya mashindano, yanayovumilia mbano mkubwa bila kugonga. Aliyeniuzia aliniambia mwenyewe kwamba alikuwa akijaza petroli ya 95 ya kituoni.

La pili nimeliweka kando mpaka nipime uvujaji wa hewa. Nina shaka yangu.

MEI

Mwezi mzima wa kusoma namba za pampu, na hapa naomba wenzangu mnisome polepole, maana injini nyingi zinafia hapa.

Namba tunayoiona kwenye pampu za Oman na Imarati ni RON, aina moja ya kipimo cha okteni, yaani uwezo wa petroli kuvumilia bila kugonga. Injini ya maabara inaendeshwa taratibu, hewa yake ikiwa na joto la wastani, na petroli inapimwa inavumilia kiasi gani kabla ya kugonga. Kuna kipimo cha pili kiitwacho MON, ambapo injini ile inazungushwa kwa kasi zaidi na mchanganyiko ukiwa umepashwa moto. Hicho kinafanana zaidi na kupanda tuta la mchanga mchana. MON ya petroli ya kawaida huwa chini ya RON yake kwa takriban pointi 8 hadi 11.

Wamarekani wanaandika wastani wa viwili hivyo. Kwa hiyo mtu wa California anaposema "91", petroli yake ni kama 95 au 96 yetu. Anaposema "93", anazungumzia kitu kilicho karibu sana na 98 yetu. Na 91 yetu ya bei nafuu, kwake ni kama 87, petroli ya gari la kwenda sokoni.

Mtu akisoma kwenye jedwali la Marekani kwamba kuba fulani inataka 93, akatazama pampu ya hapa akaona 95, atadhani ana ziada ya pointi mbili. Kumbe amepungukiwa na tatu.

Kuna na suala la mwinuko. Jedwali la watengenezaji wa kuba huwa na safu za urefu kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Denver, mita 1,600 juu, hewa yake ni nyepesi, silinda yake inajaa kidogo, na anaweza kutumia kuba ndogo bila shida. Maskati ni ufukweni, na mchanga wa Sharqiya kule Bidiya haupandi kiasi cha kubadilisha hesabu. Sisi tusome safu ya usawa wa bahari peke yake.

Nimepima njia zote za mafuta:

95 ya kituoni. Ipo kila mahali. Inafaa injini iliyo karibu na hali ya kiwandani.

98. Haipo kila kituo, lakini Maskati inapatikana bila kuhangaika, na Imarati ndiyo inayoitwa Super. Naijaza kwenye madebe kabla ya kuondoka, sitegemei kuikuta njiani.

Petroli ya ndege, 100LL. Wengi wanaisifu. Kinga yake dhidi ya kugonga ni ya kweli, MON yake ni karibu 100. Lakini ina risasi, hadi gramu 0.56 kwa lita, na risasi haifai mapafuni mwa watoto wanaocheza nyuma ya kwadi kambini. Tena ni nyepesi kwa uzito kuliko petroli ya gari, hivyo jeti ile ile (kitundu cha kabureta kinachopima petroli) inapitisha uzito mdogo wa mafuta na mchanganyiko unakuwa mwepesi, yaani mafuta pungufu kwa hewa iliyopo. Ukihamia kwayo bila kugusa jeti, unaisogeza injini kuelekea kuyeyuka huku ukijiona umeikinga.

Chupa za kuongeza okteni. Soma maandishi kwa makini: "pointi" za kwenye chupa mara nyingi ni sehemu ya kumi ya okteni. Pointi 30 ni okteni 3 kamili, na hapo ni kwa kipimo cha mwenye chupa.

Toluini na viyeyusho vya duka la rangi. Hapana. Ni sumu ya kuvuta, na kila pipa lina yake.

Uamuzi: 98 ya pampu, safi, bila kuchanganya na chochote isipokuwa oili. Kila kipuri kitaulizwa swali moja: je, kinaishi kwa 98, usawa wa bahari, hewa ikiwa na joto la 35? Kisichoishi hakinunuliwi, hata kikiwa na sifa namna gani.

JUNI

Kichwa nakibakiza, kuba zinabadilishwa. Uzuri wa kichwa hiki ni huo: unang'oa kuba na kutia nyingine bila kununua kichwa kizima. Kwa Banshee yenye mwendo wa kiwandani, kuba za 22 na 21 ndizo za petroli nzuri ya pampu, 20 ni mpakani, na 19 kushuka chini ni mafuta ya mashindano. Nimeagiza 21.

Kuhusu mbano kuna jambo linalowachanganya watu. Kitabu cha Yamaha kinasema 6.5 kwa 1, na wengine wanacheka kwamba ni mdogo kuliko wa gari kuukuu. Viwanda vya Japani huhesabu mbano wa tu-stroki kuanzia pale pistoni inapoziba tundu la eksozi, si kutoka chini kabisa, kwa sababu kabla ya hapo hakuna kinachobanwa. Ukihesabu kwa mwendo mzima utapata namba kubwa zaidi kwa injini ile ile. Usilinganishe namba za watu wawili kabla hujajua wamehesabu kwa njia gani. Geji ya kuskrubu kwenye tundu la plagi ndiyo lugha inayoeleweka na wote: kiwandani ni karibu psi 120, na mafundi wengi wa Banshee wanakubaliana kwamba 150 ni dari ya petroli bora ya pampu. Mimi nataka 145.

Kuna kipimo kingine ambacho nakiheshimu kuliko hata mbano: nafasi kati ya ukingo wa pistoni na ukingo wa kuba pistoni ikiwa kileleni. Mafundi wanaiita skwishi. Nafasi hii ikiwa ndogo ipasavyo, pistoni inapopanda inasukuma mchanganyiko wa pembeni kuelekea katikati ya kuba kwa nguvu, na pembeni hapabaki mafuta ya kulipuka yenyewe. Ikiwa kubwa mno, unapata mbano bila kinga. Kwa mwendo wa milimita 54, nalenga 1.2.

Kupima ni rahisi. Waya laini wa kulehemu nyaya unaulaza juu ya pistoni kwa mstari wa pini, pande zote mbili, unafunga kichwa, unazungusha krenki kwa mkono kupita kileleni, unafungua na kupima ncha zilizobanwa. Ukiweka waya upande mmoja pistoni inalala kidogo na kipimo kinadanganya.

JULAI

Silinda. Pistoni zilizokuwamo ni za milimita 64.50, na silinda ya kushoto imechubuka kwa kina. Karakana ya kukereza imesema 64.75 itasafisha zote mbili. Hiyo ni cc 355 na nusu hivi, tofauti ambayo huisikii. Silinda hizi zina shati la chuma cha kutupwa na pistoni zake zinauzwa kwa hatua za robo milimita hadi 66, kwa hiyo bado kuna uhai wa kutosha. Sitaki kuchonga zaidi ya inavyohitajika. Kila robo milimita niliyoibakiza leo ni matengenezo ya mbele.

Kuchagua pistoni kulinichukua muda. Za kutupwa, kama Pro-X, zinatanuka kidogo, zinafungwa kwa nafasi finyu, zinatulia na ringi zinakaa vizuri. Za kughushiwa kwa mgandamizo, kama Wiseco, ni imara zaidi zikipigwa na joto la ghafla, lakini zinatanuka zaidi, hivyo zinataka nafasi kubwa kidogo na subira ya kupasha injini moto. Ukiiwasha asubuhi ya baridi na kufungua mafuta papo hapo, pistoni inatanuka kabla silinda haijatanuka na inakwama kwenye pembe nne.

Kwa mtu wa kuzungukazunguka shambani ningemwambia achukue ya kutupwa. Kwa kupanda matuta marefu moto wote umefunguliwa, nimechukua Wiseco. Fundi mkerezaji nilimpelekea pistoni zenyewe mkononi, si namba ya kwenye boksi, akachonga kila silinda kwa pistoni yake na kuzitia alama K na S. Nafasi ni milimita 0.07, kwa mujibu wa karatasi iliyokuja nazo. Pengo la ringi 0.30. Kingo za matundu zote zimelainishwa kwa jiwe, maana ukingo mkali unakata ringi.

Krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Ya Yamaha yenyewe, imepimwa, haijapinda. Beringi mpya, oili sili (mipira ya kuzuia oili na hewa kupenya) mpya pande zote mbili, pini zimechomelewa zisiteleze. Kuna krenki za mwendo wa milimita 58 ambazo zikiwekwa na silinda kubwa za 68 zinatoa cc 421, na nguvu yake najua ni ya kutisha. Inadai kuba zake, kabureta zake, klachi yake, na subira ya kuitafutia mafuta. Mradi huu hauendi huko.

AGOSTI

Vipuri vya nje, kwa ufupi.

Mabomba: FMF Fatty. Bomba la tu-stroki lenye tumbo linafanya kazi kwa mawimbi. Wimbi la kwanza linavuta moshi utoke, linalorudi linasukuma mchanganyiko uliotaka kutoroka urudi ndani kabla tundu halijazibwa. Umbo la tumbo ndilo linaloamua hayo yatokee kwenye mizunguko ipi. Kuna mabomba yanayofufuka juu kabisa, mazuri kwa kushindana mstari mnyoofu. Mchangani ukipoteza mizunguko katikati ya mlima umekwisha, kwa hiyo nimetaka nguvu za kati. Toomey T5 zingefaa vilevile, hizi ndizo zilizopatikana kwa mtu wa Wadi Kabir zikiwa nzima.

Ridi (vijilango vinavyoruhusu mchanganyiko kuingia bila kurudi): za nyuzi za kaboni, kwenye nyumba zake za kiwandani. Za zamani zilikuwa zimechanika ncha.

Kabureta: Mikuni za milimita 26 za kiwandani zinabaki. Watu wengi wananiambia niweke Keihin za 33 au 35. Kabureta kubwa kwenye silinda ambazo matundu yake hayajachongwa inapunguza kasi ya hewa, mafuta hayapasuki vizuri, na kupatia jeti kunakuwa kugumu. Nimeondoa mfumo wa TORS, ule unaokata moto pindi swichi za kabureta na za kishikio cha mafuta cha dole gumba zisipokubaliana, kwa sababu swichi zake zimechoka na mchanga. Ukiuondoa lazima uweke vifuniko vipya vyenye skrubu za mzunguko wa chini.

Majira ya cheche: yamebaki ya kiwandani. Sahani ya kusogeza digrii 4 mbele ninayo kabatini. Inaamsha injini, hilo ni kweli, lakini inakula akiba ile ile ya kinga dhidi ya kugonga niliyoinunua kwa kuba za 21. Plagi ni NGK BR8ES.

Chujio: sponji yenye oili ya sponji, ndani ya boksi lake, na soksi juu. Vumbi la Wahiba, yaani mchanga huo wa Sharqiya, ni laini kama unga, na tairi za kasia (zenye mapezi ya kuchimba mchanga) zinalirusha juu yako mwenyewe. Machujio ya wazi yanayoning'inia nyuma ya kabureta nayaona mengi, na silinda za wenyewe huwa naziona karakana.

Kisha kipimo nilichokuwa nikikingoja. Injini imefungwa, tundu za eksozi zimezibwa kwa mipira, za kabureta zimezibwa na upande mmoja una valvu na geji. Unapuliza hadi psi 6 na kungoja dakika 6. Isishuke.

Haikushuka. Sasa, kabla ya kutupa sili za zamani nilikuwa nimezipima kwa njia hiyo hiyo mwezi Aprili, na jibu la swali la pili lilipatikana pale: geji ilianguka, na maji ya sabuni yakatoa povu upande wa kushoto, nyuma ya sumaku. Sili ya kulia ikichoka, inavuta oili ya giaboksi na unaona moshi mzito. Unaonywa. Ya kushoto inavuta hewa kavu. Hakuna moshi, hakuna harufu, ila silinda ya kushoto inapata mafuta pungufu na kuchemka. Kuba za 18 na petroli ya 95 ziliumiza pistoni zote mbili, na hewa ya wizi ikaimaliza ya kushoto. Aliyeniuzia angebadilisha pistoni peke yake, ingeyeyuka tena upande ule ule.

SEPTEMBA

Oili. Banshee haina pampu ya oili, kila tone linaloifikia krenki limetoka kwenye dumu ulilochanganya. Ami anakumbuka Vespa zao za asilimia 2, alipoona natia zaidi ya asilimia 3 akatikisa kichwa.

"Utaizamisha hii."

"Ami, hii inazunguka zaidi ya elfu tisa, tena kwa silinda mbili."

"Basi mimi natazama," akasema, akavuta kiti.

Yamaha wanataja 24 kwa 1. Kwa oili ya sintetiki ya leo yenye esta, 32 kwa 1 inatosha kwa matumizi yangu, na sitaibadilisha, kwa sababu oili inachukua nafasi ya petroli ndani ya jeti. Ukiongeza oili bila kugusa jeti, petroli inapungua. Mtu anayezidisha oili "kwa usalama" anaifanya injini iwe nyepesi. Kwa dumu la lita 20 ni mililita 625. Kwa tangi zima la lita 12 ni 375. Natia nusu ya petroli, oili, natikisa, ndipo namalizia. Zile oili zenye mafuta ya mbarika zinalinda kwenye joto kali kuliko nyingi, na harufu yake naipenda sana, lakini zinaacha gundi kwenye ringi na zinajitenga na petroli kukiwa na baridi. Kwa mashine inayolala wiki nyingi, hapana.

Madumu ni ya chuma, kivulini, yamejaa. Petroli ikikaa kwenye dumu nusu ndani ya gari mchana wa hapa, sehemu zake nyepesi zinaruka na unabaki na kitu kisichowaka vizuri. Iliyochanganywa haivuki mwezi kwangu. Wenzetu mlioko Marekani mna ethanoli asilimia 10 kwenye petroli nyingi, na ethanoli inabeba oksijeni na inavuta unyevu, kwa hiyo jeti zangu msizinakili.

Injini iliwaka. Mbano baada ya kupashwa moto na kupoa mara kadhaa, mafuta yamefunguliwa yote, kiki hadi sindano isimame: 145 kushoto, 145 kulia. Skwishi 1.20 na 1.25. Kwa kweli nilifurahi.

OKTOBA

Jeti. Kiwandani kuu ni 200 na ya mizunguko ya chini ni 25. Kwa mabomba na boksi lisilo na mfuniko nilianzia 290, nzito (mafuta mengi) kwa makusudi, na 27.5 chini, sindano ya kabureta kwenye mfereji wa kati. Kule kwenye mchanga wa karibu, joto likiwa 36, ilikuwa inaguguma juu. 280, bado kidogo. 270 ikasafisha, ikavuta mpaka juu bila kusita.

Kusoma plagi: plagi mpya, gia ya nne, panda moto wote, kata cheche na bana klachi kwa pamoja, isizunguke kwa mzunguko wa chini hata kidogo. Kisha rangi inatazamwa ndani kabisa, pale kauri inapokutana na chuma, si kwenye ncha. Pete ya kahawia iliyokolea, nyembamba, pande zote mbili sawa. Hakuna vidoto vya fedha kwenye kauri. Vidoto hivyo ni aluminiamu ya pistoni yako, ukiviona zima mashine hapo hapo.

Lakini 270 ni jeti ya joto la 36, na hapa ndipo wengi wanaumizwa. Hewa ya nyuzi 36 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 14 kwa takriban asilimia 7. Alfajiri ya Januari kule Bidiya, injini ile ile inapata hewa nyingi zaidi na mafuta yale yale. Ilikuwa sawa Oktoba, inakuwa nyepesi Januari, na kwa kuwa baridi inaipa nguvu tamu, dereva anaifurahia. Nimeandika kwa rangi ndani ya kifuniko cha kiti: 270 kwa zaidi ya 30, 280 kwa 20 hadi 30, 290 kwa chini ya 20. Kubadilisha ni kufungua skrubu za bakuli na kuzungusha kabureta pembeni, kazi ya muda wa kunywa kahawa.

DESEMBA

Bidiya, na jamaa. Sproketi za kiwandani, 14 mbele na 41 nyuma, tairi za kasia nane. Tairi hizi zinaibebesha injini mzigo usiokatika, haipati kuteleza na kupumua, kwa hiyo ni mtihani wa haki wa mafuta. Asubuhi nilitia 290, adhuhuri 280. Maji ya redieta hayakuchemka. Kwenye redieta nimeweka maji safi mengi zaidi na kizuia kutu, kwa kuwa hapa hakuna barafu ya kuogopa na maji yanabeba joto vizuri kuliko yale ya rangi ya kuzuia kuganda yakiwa mazito.

Mashine inapanda matuta marefu kwa gia ya tatu, mara nyingine ya nne, na katikati ya mizunguko haikosekani. Banshee moja ya jamaa yenye krenki ndefu iliniacha kwenye mnyooko, kama ilivyotarajiwa. Yeye anabeba mafuta yake ya mashindano kwenye pipa la kuagizwa, nami nilijaza kituoni Maskati.

Ami hakupanda. Alisimama chini ya tuta akisikiliza, nikishuka ananiashiria nizime, anang'oa plagi ya kushoto kabla ya ya kulia. Kila mara ya kushoto.

Jioni nilivua kichwa kambini mbele ya wote, kwa kuwa o-ringi hazihitaji gasketi mpya. Vichwa vya pistoni vina doa jeusi katikati na pembeni pameoshwa safi kwenye njia za mafuta, kushoto sawa na kulia. Hakuna kidoto hata kimoja.

Hali ya sasa: 64.75 Wiseco, kuba 21, psi 145, Fatty, Mikuni 26, majira ya kiwandani, 98 ya pampu kwa 32 kwa 1. Kinachofuata ni springi ngumu za klachi, maana ilianza kuteleza kidogo kwenye gia ya tano, na kurudia kipimo cha psi 6 mwezi wa Machi kabla joto halijarudi. Sahani ya digrii 4 imebaki kabatini, anayeihitaji Maskati aje aichukue.